Jotoardhi: Umeme Usiosubiri Mvua

Mwaka 1904, huko Larderello nchini Italia, mvuke wa ardhini ulitumika kwa mara ya kwanza kuzalisha umeme, ukawasha taa tano. Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, ulianza kazi mwaka 1981 ukiwa na uwezo wa megawati 15, na leo jotoardhi huipatia Kenya zaidi ya theluthi moja ya umeme inaozalisha.

Wengi hudhani kwamba chini ya Olkaria umejaa mvuke mtupu. Kilichopo zaidi ni maji yaliyopenya katika nyufa za miamba ya Bonde la Ufa, ambako magma, yaani miamba iliyoyeyuka kwa joto, iko karibu na uso wa dunia kuliko kwingineko. Katika kina cha kilomita mbili au tatu maji hayo huweza kupita nyuzijoto 300 za Selsiasi bila kuchemka, kwa kuwa mgandamizo wa huko ni mkubwa mno. Yanapopanda kisimani mgandamizo hupungua, na sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke hutenganishwa na maji ndani ya tangi la chuma, kisha huenda kuzungusha mtambo wa kufua umeme, na maji yaliyobaki hurudishwa ardhini kupitia visima vingine ili chanzo kisipungue nguvu.

Anayefika Olkaria hupokewa na harufu ya mayai viza, inayotokana na gesi yenye salfa inayopanda pamoja na mvuke. Ataona pia mabomba yaliyopindwa juu mfano wa lango: chuma hurefuka kikipata joto, hivyo kikikosa mahali pa kunyumbuka kitapasuka. Baadhi ya malango hayo yameinuliwa vya kutosha kuwapisha twiga, maana eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate.

Ubora mkubwa wa nishati hii, kwa maoni yangu, ni kutotegemea mvua wala jua. Ukame ukipunguza maji ya mabwawa, kama ulivyofanya Kenya mwaka 2000 hadi umeme ukatolewa kwa mgawo, visima vya mvuke huendelea usiku na mchana. Ugumu uko mwanzoni: kuchoronga kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka bila mvuke wa kutosha. Ndiyo maana maeneo kama Ngozi, mkoani Mbeya, huhitaji miaka ya uchunguzi wa kijiolojia na kikemia kabla ya mtambo wowote kujengwa.