Kwa nini rekodi uliyoisahihisha huhamia mkiani mwa orodha?

Karani wa ghala la mkonge Tanga ana hifadhidata ya kompyuta yenye jedwali liitwalo marobota, lenye namba, daraja na uzito. Anataka ya daraja la UG tu, anauliza kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata:

SELECT namba, uzito FROM marobota WHERE daraja = 'UG';

Majibu yanakuja yamejipanga kwa namba, leo na kesho. Siku anaposahihisha uzito wa robota namba 2 na kuuliza tena vilevile, namba 2 iko mwisho.

Wengi hulichukulia jedwali kama daftari, kwamba kilichotangulia kuandikwa hukaa juu. Sivyo. Edgar Codd wa IBM, aliyeasisi mfumo wa hifadhidata za majedwali mwaka 1970, aliujenga juu ya seti za hisabati, na seti haina wa kwanza wala wa mwisho. SQL ilirithi hilo: usipoomba mpangilio, mpangilio wowote ni jibu sahihi. Ule wa mwanzo ulikuwa bahati tu, tena bahati ya hatari, maana hudumu hadi watu wakajenga programu juu yake.

Mtume kijana ghalani akusomee namba za marobota ya UG. Ataanzia mlangoni, asome kila analolikuta. Lililotolewa kupimwa upya halikurudishwa mahali pake. Liliwekwa penye nafasi, huko nyuma, kwa hiyo analisoma mwisho. PostgreSQL, programu mojawapo ya hifadhidata, hufanya karibu hivyohivyo: ukibadilisha rekodi, huandika nakala mpya penye nafasi, na ya zamani hubaki ikisubiri kufagiliwa.

MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, kwa kawaida huhifadhi rekodi kwa kufuata ufunguo mkuu, yaani safu inayotambulisha kila rekodi, kama namba hapa, hivyo kioja hiki ni nadra huko. Lakini ikichuja kwa kutumia faharasa nyingine, mpangilio unaweza kubadilika vilevile.

Dawa ni kuongeza mwishoni ORDER BY uzito DESC. WHERE huchuja kwanza, kisha yaliyobaki ndiyo hupangwa, mazito juu. Robota la mkonge hulengwa kuwa kilo 250, kwa hiyo yanayolingana uzito hayakosekani, na baina ya hayo bado hakuna ahadi yoyote. Andika ORDER BY uzito DESC, namba.

Na robota ambalo halijapimwa, yaani uzito wake ni NULL, hauna thamani? MySQL italiweka chini kabisa. PostgreSQL italipandisha juu ya yote, likiongoza orodha ya mazito bila kugusa mizani, mpaka uandike DESC NULLS LAST.