Gramu 60 za Protini Si Gramu 60 za Nyama: Elimu kwa Waliofanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha lishe kutoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito yanazidi kuongezeka, na yanafanana mno. Nywele zinanyonyoka. Magoti hayana nguvu ya kupanda ngazi. Mizani inaonyesha uzito unashuka kama ilivyotarajiwa, lakini mwenyewe anajiona mnyonge. Tukimuuliza anakula nini, jibu ni lile lile: "Nakula, ila nashiba haraka." Tukifungua daftari lake la chakula tunakuta nusu ya protini anayotakiwa kupata kwa siku, na mara nyingine hata hiyo nusu haifiki. Ndiyo maana tumeona tutoe maelezo haya kwa waliokwisha kupasuliwa, kwa wanaojiandaa, na kwa wanaowapikia nyumbani.

Maelezo haya ni ya jumla. Hayafuti maelekezo uliyopewa na timu iliyokufanyia upasuaji. Yakipishana, fuata ya timu yako.

Kwa watu wazima wengi waliokatwa tumbo (kuondolewa sehemu kubwa ya tumbo la chakula) au kufanyiwa baipasi (kutengenezewa kifuko kidogo cha tumbo kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo), lengo ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Wengine hukadiriwa kwa kilo: gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito unaofaa kwa urefu wao, wala si uzito waliokuwa nao siku ya upasuaji. Waliofanyiwa upasuaji unaoruka sehemu ndefu zaidi ya utumbo mdogo huhitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa chakula hunyonywa kidogo.

Sasa tunaomba aya hii isomwe mara mbili, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Gramu 60 za protini si gramu 60 za nyama. Nyama ina maji, mafuta na vitu vingine. Gramu 100 za minofu ya kuku iliyopikwa zina takriban gramu 30 za protini, na samaki aliyepikwa, kwa uzito huo huo, ana kati ya gramu 20 na 25. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Mgonjwa anayepima kipande cha kuku cha gramu 60, akala chote, akaandika "60" kwenye daftari na kufunga hesabu ya siku, amepata gramu 18 tu. Tumelieleza jambo hili kabla ya upasuaji, tukalieleza siku ya kuruhusiwa, na bado linarudi. Kwenye pakiti za vyakula pia soma vizuri: namba ya protini huandikwa kwa kila gramu 100 au kwa kila kipimo kimoja, na hizo ni namba mbili tofauti.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Upasuaji wa kukata tumbo huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo. Kwenye baipasi hubaki kifuko cha kiasi cha mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Miezi ya mwanzo mtu hula nishati kidogo kuliko mwili unavyotumia, na huo ndio utaratibu wenyewe wa kupungua. Mwili huchota mafuta, lakini huchota na misuli, kwa sababu hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Mwili ukihitaji kuziba kidonda, kutengeneza kinga au vimeng'enya na protini haikuja kwenye sahani, unakwenda kuibomoa kwenye mapaja na mikono. Mizani haikuambii kilichoondoka ni nini. Kilo moja ya misuli ikipotea inaonekana kama ushindi ule ule wa kilo moja ya mafuta.

Njaa nayo haiwezi kukuongoza. Homoni ya njaa iitwayo grelini hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya tumbo, na sehemu hiyo ndiyo inayoondolewa tumbo likikatwa. Kwa hiyo kauli ya "sikusikia njaa, nikaacha kula" hatuipokei kama sababu. Katika miezi ya mwanzo kula kwa saa, kama unavyokunywa dawa. Kushiba kunamaanisha kifuko kimejaa, basi. Kinaweza kujaa uji mtupu.

Tuchukue siku moja ya mtu aliyefika kwenye chakula laini. Asubuhi yai moja, gramu 6, na gramu 100 za mtindi mzito uliochujwa, takriban gramu 9. Hapo ana 15. Katikati ya asubuhi anakunywa glasi ya maziwa taratibu, anafika 23. Mchana gramu 60 za samaki asiye na miba, takriban gramu 13, jumla 36. Alasiri kinywaji cha unga wa protini chenye gramu 20, jumla 56. Jioni gramu 50 za kuku aliyepikwa hadi kulainika, gramu 15, na siku inafungwa kwa gramu 71. Hakuna mlo mkubwa hapo. Ukiondoa mlo mmoja tu, unashuka karibu na mstari wa gramu 60 au chini yake, na ndiyo sababu tunahimiza mizani ndogo ya jikoni kwa miezi michache ya mwanzo. Kukadiria kwa jicho kunawadanganya hata wataalamu.

Unga wa protini si aibu wala si wa wajenga misuli peke yao. Wiki za mwanzo, mtu akiwa kwenye vinywaji, bila huo ni vigumu kufika. Chagua wenye protini ya maziwa, mayai au soya, na sukari kidogo. Tahadhari na kolajeni. Inauzwa kama protini na kwa hesabu ya gramu ni protini, lakini haina triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo usiihesabu kama chanzo chako kikuu. Hali kadhalika supu. Mchuzi wa mifupa uliochemka saa sita una ladha, una chumvi, unasaidia maji mwilini, lakini protini yake ni ndogo mno kuliko watu wanavyoamini. Kunywa supu, kisha tafuta protini.

Wasiokula nyama nao hufika, kwa kupanga zaidi. Nusu kikombe cha maharage au dengu zilizopikwa hutoa gramu 7 hadi 9, na hujaza kifuko haraka, kwa hiyo saga, ponda, changanya na mtindi, na tegemea soya zaidi kuliko jamii nyingine za kunde kwa kuwa asidi amino zake zimekamilika.

Wapo pia wanaopunguza protini kwa hofu ya figo. Gramu 60 hadi 80 ni kiwango cha kawaida cha mtu mzima, si mzigo wa ziada kwa figo zenye afya. Mwenye ugonjwa wa figo unaojulikana apangiwe na daktari wake. Kinachotuletea wagonjwa wengi mlangoni ni upungufu wa maji. Lengo ni angalau lita 1.5 kwa siku, kwa mafunda madogo madogo kuanzia unapoamka. Usinywe wakati wa kula, na baada ya kula subiri nusu saa. Maji yakikutana na chakula kwenye kifuko kidogo, ama yanakosa nafasi na kurudi, ama yanasukuma chakula kwenda chini upesi. Kinywaji cha protini kinahesabiwa pia kama maji ya mwili, jambo ambalo wengi hawalijui na linawapa nafuu.

Hatua za chakula mlishapewa, hatutazirudia zote: maji na vinywaji visivyo na chembe siku moja mbili, vinywaji vizito hadi wiki mbili hivi, kisha chakula kilichosagwa, kisha laini, na chakula cha kawaida kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Tunachotaka kurudia ni utaratibu chakula kinapogoma. Ukipanda hatua na chakula kikakataa, kwa maumivu, kichefuchefu au kutapika, rudi hatua moja nyuma kwa siku mbili au tatu, andika kilichokataa na jinsi kilivyopikwa, kisha jaribu tena kwa kiasi cha kijiko kimoja. Kikikataa tena, piga simu kwenye kliniki. Kilichokataa leo kinaweza kukubalika baada ya mwezi, hivyo usikifute maisha. Nyama nyekundu na kuku mkavu ndivyo vinavyosumbua zaidi. Tatizo mara nyingi ni ukavu na haraka ya kula, kwa hiyo pika kwa mvuke au mchuzi, kata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, tafuna hadi kiwe uji mdomoni, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Anza na protini, halafu mboga, wanga mwisho kama nafasi ipo. Ukisikia mgandamizo chini ya kidari, kwikwi, au mafua ya ghafla puani, weka kijiko chini. Tonge moja baada ya dalili hizo ndilo linalorudi.

Sukari inastahili onyo lake, hasa kwa waliofanyiwa baipasi. Chakula chenye sukari nyingi kikiporomokea kwenye utumbo, ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu hupata mapigo ya moyo ya kasi, jasho, tumbo kukata na kuharisha. Wengine hupata wimbi la pili saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka, wakatetemeka na kuishiwa nguvu. Wakidhani ni njaa hunywa soda, na duara linaanza upya. Ukiona dalili hizo zinajirudia, njoo upimwe.

Kutapika tunakuomba usikuzoee. Akiba ya thiamini, yaani vitamini B1, hudumu mwilini kwa wiki mbili au tatu tu. Anayetapika siku baada ya siku na kula kidogo anaweza kuimaliza, na ubongo ndio unaolipa: macho kucheza au kuona viwili, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ukifika hospitali yoyote, mtamkie wa kwanza anayekuhudumia kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo na umekuwa ukitapika, kwa sababu thiamini inapaswa kutolewa kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Ndugu wanaomsindikiza nao walijue hili, maana mgonjwa mwenyewe anaweza asiweze kulisema.

Virutubisho vya vidonge ni vya maisha, na hapa tunaeleza kwa kirefu kwa sababu ratiba ndiyo inayovurugwa. Kalsiamu ni miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, isiyozidi 500 au 600 kwa mara moja, kwa hiyo itagawanywa. Baada ya baipasi chagua kalsiamu sitreti, kwani haihitaji asidi ya tumbo ili inyonywe. Madini chuma yasimezwe pamoja na kalsiamu. Acha saa mbili kati yake. Chai na kahawa nazo huzuia chuma. Wanawake wanaopata hedhi na wote waliofanyiwa baipasi huhitaji chuma zaidi, miligramu 45 hadi 60. Vitamini B12 ni vidonge kila siku au sindano kila mwezi, na vitamini D hutolewa kwa kipimo cha damu. Vipimo vya damu hufanyika baada ya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Mwaka wa tatu na wa nne ndiyo watu wanapotoweka kliniki kwa kuwa wanajisikia vizuri, na upungufu wa B12 unaweza kukaa kimya kwa miaka kabla ya ganzi ya miguu kuanza. Nayo albumini, yaani protini inayopimwa kwenye damu, ikisoma vizuri kwenye majibu yako, usiichukue kama cheti cha kula vizuri. Hupanda na kushuka kwa uvimbe na maambukizi, na inaweza kuwa sawa huku misuli ikiisha.

Kuhusu nywele: kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita hutokana kwa sehemu kubwa na mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa kasi, na kwa kawaida huota tena. Zikiendelea kunyonyoka baada ya mwaka, au zikianza upya baadaye, tunapima chuma, zinki na hesabu ya protini. Mafuta ya kupaka hayatasaidia. Miguu kuvimba, vidonda kuchelewa kupona na uchovu usioisha kwa usingizi havisubiri tarehe ya kliniki.

Mazoezi ya kuvuta au kunyanyua uzito mdogo mara mbili au tatu kwa wiki, baada ya kuruhusiwa, huufanya mwili utunze misuli kwa protini ile ile unayokula. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18.

Kwa walio nyumbani, tunajua mnafanya kwa upendo. Kumwambia "ongeza kidogo" mtu mwenye kifuko cha vijiko viwili ni kumwomba atapike. Mkitaka kumsaidia, mpakulieni protini kwanza, laini na yenye mchuzi, mwacheni ale kwa nusu saa bila kuharakishwa, na glasi ya maji ikae mbali na sahani yake.

Utakapokuja kliniki, njoo na daftari la siku tatu mfululizo, moja kati yake iwe ya mwisho wa wiki. Andika saa, chakula, uzito wake baada ya kupikwa, gramu za protini, na kama kulitokea kutapika. Leta na vidonge vyote ndani ya makopo yake, pamoja na dawa za maumivu ulizonunua mwenyewe, kwa kuwa ibuprofeni na diklofenaki huweza kuleta vidonda kwenye maungio ya baipasi. Siku mbaya usizifute kwenye daftari, hizo ndizo tutakazoanza nazo.