Posho haiingii kwenye pensheni

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan atangaze pale Singida, Mei Mosi 2025, kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kinapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, walimu, wauguzi na watendaji wa kata wa huku Kanda ya Kati wamekuwa wakiniuliza swali moja: "Yangu mimi itapanda asilimia ngapi?" Wana haki ya kuuliza. Lakini kwa muda wote nilioshughulikia mishahara katika halmashauri za Dodoma na Singida, nimejifunza kwamba kuna swali lenye uzito zaidi: katika malipo yako, kipi kimeandikwa mshahara na kipi kimeandikwa posho?

Kuhusu asilimia niseme kwa kifupi. Ile nyongeza ya asilimia 35.1 ya Mei Mosi 2025 ilikuwa ya kima cha chini, kama ilivyokuwa asilimia 23.3 ya mwaka 2022. Ngazi za juu hupata kidogo kuliko hapo, na ndiyo maana mwaka 2022 watu wengi walifungua slipu za Julai wakakuta nyongeza ya elfu kumi na kitu wakadhani wameibiwa. Hawakuibiwa. Jambo la kumwinua wa chini naliunga mkono kabisa. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, kodi ya nyumba peke yake inaweza kummaliza mtumishi wa ngazi ya chini. Ila tukiinua chini tu kila mara, ngazi zinasongamana, na mwalimu mwenye miaka kumi na minane kazini anajikuta hayuko mbali na aliyeajiriwa juzi.

Sasa posho. Kuna posho ambayo ni gharama ya kazi: umetumwa Kondoa au Mpwapwa kukagua miradi, umelala huko, umekula huko, unarudishiwa. Hiyo ibaki, na ilipwe kabla mtu hajasafiri. Ninayoizungumzia ni ile inayoingia kila mwezi kama sehemu ya kipato: ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, pamoja na ile ya vikao ambayo kwa baadhi ya ofisi imekuwa kama mshahara wa pili. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hupata posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi, mkuu wa shule ya sekondari 250,000. Ni stahili yao. Lakini siku akivuliwa madaraka hela hiyo inakatika, na siku akistaafu ni kama haikuwahi kuwapo.

Hapa naomba tushike kalamu. Pensheni ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hukokotolewa kwa kuzidisha miezi ya utumishi na wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora, kisha kugawanya kwa 580. Tumchukue mtumishi mwenye mshahara wa 1,000,000 na posho za kudumu za 600,000, ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wake wa mwaka ni 12,000,000. Pensheni kamili ya mwaka inakuwa takriban 7,448,000. Kama alitoka PSPF au LAPF, mifuko ya zamani iliyounganishwa kwenye PSSSF, mkupuo wake, yaani fedha anayolipwa mara moja anapostaafu, tangu mabadiliko ya 2024 ni asilimia 40 ya pensheni hiyo, ikizidishwa kwa 12.5: anaondoka na kama milioni 37.2, kisha kutoka kwenye asilimia 60 iliyobaki anapokea karibu 372,000 kila mwezi. Huyu alikuwa anaishi kwa 1,600,000.

Mwenzake ambaye 1,600,000 yote imeandikwa mshahara ataondoka na karibu milioni 59.6 na kupokea 596,000 kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Kazi ni ile ile na miaka ni ile ile. Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, uliotikisa nchi tangu 2018 ulikuwa wa haki, lakini tuliishia kubishania asilimia ya mkupuo, 25, 33, 40, na karibu hakuna aliyeuliza mkupuo unakokotolewa kutoka kwenye nini.

Mbona basi posho zinapendwa na pande zote mbili? Kwa upande wa serikali, posho hutoka kwenye matumizi mengineyo, yaani fedha za uendeshaji, na si kwenye bajeti ya mishahara, na haichangiwi ile asilimia 15 ya mwajiri kwenye mfuko wa pensheni. Kwa upande wa mtumishi, Sheria ya Kodi ya Mapato imesamehe posho za nyumba, usafiri, madaraka na mazingira magumu kwa wanaolipwa na bajeti ya serikali. Yule wetu wa mfano, posho zake 600,000 zikigeuzwa mshahara, atakatwa 30,000 ya mchango wa pensheni na 168,500 ya kodi. Mkononi zinabaki 401,500, kabla ya makato mengine. Mwambie mtu mwenye ada za watoto Januari kwamba umemboreshea maslahi kwa kumpunguzia karibu laki mbili kwa mwezi, uone atakujibu nini.

Ndiyo maana mageuzi ya namna hii hukwama. Miaka ya 1990 serikali ilikwisha kuziunganisha posho nyingi na mshahara na kupunguza utitiri wa ngazi. Baadaye posho zikarudi, moja moja, kila taasisi na waraka wake. Lakini turudi kwenye hesabu ile ile. Hazina ingepokea kodi ya 168,500 na kuchangia 90,000 kwenye mfuko. Kuna 78,500 inayobaki, na hiyo inaweza kurudi kwa mtumishi kama sehemu ya mshahara mpya. Haizibi pengo lote. Kwa hiyo nashauri kuunganisha kufanyike kwa awamu, kila Julai sehemu fulani, sambamba na nyongeza ya mwaka, ili asitokee mtu ambaye slipu yake imeshuka.

Jambo la pili ni mahali mtu anapofanyia kazi. Aliye karibu na Mtumba, Mji wa Serikali hapa Dodoma, huitwa vikaoni. Muuguzi wa zahanati ya ndani kabisa Chemba au Manyoni haitwi na mtu. Anazalisha usiku kwa tochi, na kipato chake ni kile cha kwenye daraja tu. Sera ya malipo na motisha ya mwaka 2010 ilishatambua kwamba wanaofanya kazi mazingira magumu wanastahili kitu cha ziada. Mimi ningekiweka kwenye mshahara wa kituo chenyewe, si posho inayosubiri mapato ya ndani ya halmashauri. Halmashauri maskini ndizo zenye mazingira magumu, na ndizo zisizo na mapato ya kulipa.

Uhakiki wa watumishi hewa, na ule wa vyeti uliokabidhiwa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma Aprili 2017 ukiwa na majina 9,932, ulisafisha orodha ya wanaolipwa. Muundo wa malipo haukuguswa.

Wewe unayekaribia kustaafu, usisubiri mageuzi. Kwa kuwa kikokotoo kinaangalia miaka mitatu bora, daraja lililochelewa sasa litakupunja kila mwezi wa uzeeni. Nenda kwa afisa utumishi wako uangalie nafasi yako kwenye tange, yaani orodha ya watumishi kwa ukuu kazini, ulinganishe tarehe ya kupanda daraja mara ya mwisho na wenzako mlioajiriwa pamoja. Ukiwa umeachwa nyuma, andika barua kuomba mserereko, yaani kupandishwa daraja ulingane na wenzako, uambatishe barua zao za cheo kama wataridhia, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa masijala. Fanya hivyo kabla maoteo ya ikama (makadirio ya idadi ya watumishi) na bajeti ya mwaka ujao hayajafungwa, kwa sababu jina lisiloingia humo husubiri mwaka mzima.