Kuchelewesha Uteuzi wa Jaji Si Uzembe

Kila inapozuka habari ya majaji wa Marekani, hapa Malindi nasikia maelezo yale yale, kwamba kule kuna sheria inayomkataza rais kuteua jaji katika mwaka wa uchaguzi, kwamba Obama aliikiuka mwaka 2016, na kwamba ndiyo sababu jaji wake alikataliwa. Safari hii nimeyasikia katika ukumbi wa mahakama, wakili mwenzangu akimweleza mteja wake mzee, naye mzee akiitikia, "Naam, wakili," kwa heshima yote. Nimechoka kulinyamazia jambo hili. Sheria hiyo haipo, wala haijapata kuwapo, na Merrick Garland, jaji huyo wa Obama, hakukataliwa na mtu yeyote.

Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu ya Marekani alifariki tarehe 13 Februari 2016. Siku hiyo hiyo Mitch McConnell, kiongozi wa walio wengi katika Seneti, baraza la juu la Bunge la Marekani, alitangaza kwamba nafasi hiyo ingemsubiri rais ajaye. Obama alimteua Garland tarehe 16 Machi. Chama cha Republican, kilichokuwa mpinzani wa Obama, kilikuwa na maseneta 54 kati ya 100, kwa hiyo kama kingetaka kumkataa kingeweza kuitisha kikao, kumhoji mbele ya kamera, kupiga kura na kumwangusha. Hakikufanya hivyo. Kamati ya Sheria haikumwita Garland hata siku moja, jina lake halikuingizwa kwenye ajenda, na Bunge hilo lilipofikia ukomo wake tarehe 3 Januari 2017 uteuzi wake ulikufa pamoja nalo. Mwezi Aprili mwaka huo Neil Gorsuch, aliyeteuliwa na Trump kuijaza nafasi hiyo, aliidhinishwa kwa kura 54 dhidi ya 45.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie, kwa maana tofauti kati ya kukataliwa na kuachwa bila jibu ndiyo kiini cha mchezo wote. Seneta anayepiga kura ya kukataa huacha alama: jina lake huandikwa, wapiga kura wake humwuliza kwa nini, na rais hupata nafasi ya kumleta mteule mwingine. Mwenyekiti wa kamati asiyeitisha kikao haachi alama ya namna hiyo. Hakuna kura ya kuihoji, hakuna kosa la mteule la kulitetea, na hakuna uamuzi wa kuupeleka mahakamani, kwa sababu Katiba ya Marekani, katika Ibara ya 2, inasema rais atateua majaji kwa ushauri na ridhaa ya Seneti, lakini haisemi ridhaa hiyo itolewe ndani ya muda gani, wala haisemi Seneti ni lazima ipige kura. Mwenye kushika kalenda ndiye aliyeshika mpini. Wanaosema kwamba jambo hilo lilikuwa kinyume cha sheria wamekosea kama walivyokosea wanaosema kwamba sheria ililiamuru. Lilikuwa halali, na uhalali wake ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Wakati huo kilitolewa kisingizio cha desturi, kwamba majaji wa Mahakama ya Juu hawaidhinishwi mwaka wa uchaguzi. Anthony Kennedy aliidhinishwa Februari 1988, mwaka wa uchaguzi, kwa kura 97 bila ya upinzani, na Seneti iliyomwidhinisha ilikuwa mikononi mwa chama cha Democrat ilhali rais alikuwa Reagan wa Republican. Kwa haki ni lazima niongeze kwamba nafasi aliyoijaza ilitokea mwaka 1987, hivyo mfano huo haufungi hoja kabisa. Kilichoifunga ni mwaka 2020. Jaji Ruth Bader Ginsburg alifariki tarehe 18 Septemba, na chama kile kile katika Seneti, chini ya kiongozi yule yule, kilimwidhinisha Amy Coney Barrett, mteule wa Trump, tarehe 26 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48, siku nane kabla ya uchaguzi, naye akaapishwa Ikulu ya Washington jioni ile ile. Muda wote tangu kifo hadi kiapo ulikuwa siku 38.

Chama cha Democrat nacho hakina mikono misafi. Mwaka 2013 ndicho kilichopunguza idadi ya kura za kufunga mjadala, yaani za kuruhusu uteuzi upigiwe kura, kwa majaji wa mahakama za chini, na mwaka 2017 Republican wakaipanua kanuni hiyo hiyo hadi Mahakama ya Juu. Majaji wenyewe pia huitazama kalenda. Jaji Stephen Breyer wa Mahakama ya Juu alitangaza kustaafu Januari 2022, chama cha rais aliyemteua kikiwa bado kinaidhibiti Seneti, na Ketanji Brown Jackson akaidhinishwa kumrithi Aprili, miezi kadhaa kabla ya Breyer kuondoka kitini.

Baada ya kueleza hayo huulizwa kama sisi Wakenya tumesalimika. Sisi tuna mlango mwingine. Jaji Mkuu na Naibu wake tu ndio wanaopelekwa Bunge la Taifa, na sheria ya 2011 ya kuwaidhinisha wateule inasema kwamba muda wa kuwajadili ukipita bila ya Bunge kukubali wala kukataa, mteule huhesabiwa ameidhinishwa. Garland angekuwa Mkenya, kimya cha Bunge kingempitisha. Majaji wengine wote hupendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama na kuteuliwa na Rais chini ya Kifungu cha 166, na kifungu hicho, kama Katiba ya Marekani, hakimwekei Rais siku ya mwisho.

Matokeo yake tuliyaona. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41, wakiwamo 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba Rais anafungwa na mapendekezo hayo. Hata hivyo orodha ilikaa hadi Juni 2021, wakateuliwa 34, mmoja alikuwa ameshafariki akisubiri, na sita wakaachwa hadi Septemba 2022, alipoingia rais mwingine. Anayeijua Malindi anajua maana ya majaji wa ardhi kukosekana: kiwanja cha ufuoni chenye hati mbili, shamba lenye maskwota waliozaliwa humo, faili linaitwa asubuhi na karani anatoa tarehe nyingine ya kutajwa, mawakili wanafungua shajara zao na kuhesabu miezi, na mzee aliyetoka Magarini kwa matatu anarudi na nauli aliyokopa.

Wengi wanaamini wale sita waliachwa kwa sababu ya hukumu ya Mei 2021 iliyosimamisha mpango wa kubadilisha Katiba ulioungwa mkono na Rais, kwa kuwa wawili kati yao, George Odunga na Joel Ngugi, walikuwa katika jopo la majaji walioitoa. Mimi sina uhakika. Wanne wengine hawakuwamo katika jopo, na orodha ilikuwa imezuiliwa tangu 2019, kabla hukumu hiyo haijafikiriwa. Serikali ilitaja ripoti za uadilifu, na ucheleweshaji wa nia njema na ule wa nia mbaya, ukitazamwa kutoka nje, hauna tofauti hata chembe.

Kwa hiyo ninaunga mkono Rais kuwekewa muda wa kutia saini, na kulazimika kutoa sababu zake kwa maandishi anapokuwa na pingamizi, ili zijibiwe mbele ya Tume. Juu ya kanuni ya kimya kuwa ridhaa bado nasita. Inamwokoa mteule mwema asizikwe katika droo ya kamati, lakini pia inaweza kumpitisha asiyefaa bila ya mbunge hata mmoja kuweka jina lake kwenye kura, na huko kukwepa kuandikwa jina ndiko nilikokulaumu kwa maseneta wa 2016.