Sukari Inasingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu ADHD, Chakula na Mazoezi

Mtoto akishindwa kutulia darasani hapa Kisumu, mshtakiwa wa kwanza ni sukari, wa pili ni simu, na wa tatu ni mamake.

Dhana: Soda, mandazi na peremende ndizo zinazoleta ADHD.

Ukweli ni kwamba ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuwa makini, na kwa kiasi kikubwa hurithiwa. Chunguza ukoo, huenda ukapata baba au shangazi aliyekuwa hivyo hivyo, ila enzi zake aliitwa mtukutu, akachapwa, mambo yakaishia hapo. Kuhusu sukari, watafiti wamewapa watoto vinywaji vya sukari na vya utamu bandia bila mtoto wala mzazi kujua kipi ni kipi. Mwaka 1995 majaribio hayo yalipojumlishwa, tabia za watoto hazikutofautiana. Ninalolipenda zaidi ni jaribio la Marekani la 1994. Baadhi ya akina mama waliambiwa watoto wao wamepewa sukari nyingi, kumbe hakuna aliyepewa hata chembe. Wakawaona watundu zaidi, wakawakosoa zaidi, wakawa hawabanduki karibu nao. Kwa hiyo dani (bibi) akisema mjukuu wake amepandwa na sukari kwenye sherehe, mkumbushe pia muziki na wale watoto wote waliojaa uani. Punguza sukari kwa ajili ya meno.

Rangi za viwandani zinazotiwa kwenye vyakula zina kesi yake. Utafiti wa Southampton, Uingereza, uliochapishwa 2007, uliona kwamba mchanganyiko wa rangi fulani na kihifadhi cha sodiamu benzoeti uliongeza utundu kidogo kwa watoto wa kawaida. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi hizo viwe na onyo. Ni athari ndogo, lakini ukimnyima mtoto vile vinywaji vyekundu vya langoni mwa shule, hapotezi chochote.

Dhana: Vidonge vya mafuta ya omega-3 vinatosha badala ya dawa.

Havitoshi. Manufaa yake kwa ADHD ni madogo, na bei yake si ndogo. Mafuta hayo hayo yamo kwenye omena, na omena haikosekani sokoni Kibuye.

Linalofaa kuangaliwa zaidi ni madini ya chuma. Ukanda huu wa ziwa una malaria, una minyoo, na vyote viwili hupunguza damu. Mtoto aliyepungukiwa na chuma huchoka, hukasirika upesi, na somo halimwingii; akiwa na ADHD, mzigo unakuwa mara mbili. Omba kipimo cha damu, na kama kinapatikana, cha feritini (akiba ya chuma mwilini) pia. Usimpe vidonge vya chuma kwa kubahatisha, maana vikizidi ni sumu.

Halafu kuna hii tabia yetu ya jioni: ugali, omena, mboga za osuga au dek, na kabla sahani hazijaondolewa, chai imeshamiminwa. Majani ya chai huzuia mwili kunyonya chuma cha mboga. Isogeze chai mbele saa moja au mbili, na mboga ziwekewe nyanya au zikamuliwe ndimu ili chuma chake kinyonywe vizuri. Haigharimu kitu.

Dhana: Anakimbia siku nzima, mazoezi ya nini tena?

Kuhangaika kwenye kiti si mazoezi. Yanayosaidia ni yale ya kumfanya aheme: mpira, kuruka kamba, baiskeli, kutembea kwa kasi. Dakika 20 hadi 30 huweza kuinua umakini kwa muda baada ya hapo, kwa hiyo yapange kabla ya kazi ya ziada, si baada yake. Na mwalimu anayemfungia mtoto wa ADHD darasani wakati wa mapumziko anajitafutia kipindi kigumu kinachofuata.

Dhana: Kiboko kitamtuliza.

Kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Hakijawahi kumfundisha mtu umakini.

Dhana: Asipolala mapema ni ukaidi tu.

Wengi wenye ADHD usingizi wao huchelewa kuja, na nyumba ya chumba kimoja yenye runinga inayonguruma hadi taarifa ya saa tatu haisaidii. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Hesabu mwenyewe: akiamshwa saa kumi na moja asubuhi, alipaswa kulala saa ngapi? Anayekoroma kila usiku apimwe koo na pua, kwani kukosa usingizi mzuri huweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na ADHD.

Dhana: Dawa itamfanya zezeta, tumtibu kwa chakula.

Chakula, mazoezi na usingizi vinasaidia, lakini hakuna kati yavyo kilichofikia nguvu ya dawa kama methilifenideti. Dozi ikimfanya mtoto azubae, mwambie daktari airekebishe. Kabla ya kupewa dawa apimwe vizuri: dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Anzia hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wenyeji bado wanaiita Russia, na kwa upande wa masomo, kituo cha EARC cha wizara ya elimu, kinachopima mahitaji ya mtoto kimasomo.

Dawa hizi hupunguza hamu ya kula. Uji wa wimbi na yai viliwe kabla ya kidonge, na ugali wa kushiba usubiri jioni, nguvu ya dawa ikiisha.