Nyongeza ya mshahara ikiishia bandarini: kisa cha Morisi

Kila msimu wa bajeti hurudi hoja ileile: watie watu fedha mfukoni, watanunua, viwanda vitauza na kuajiri, uchumi utakua. Kama mchumi, nusu yake naikubali bila ubishi. Nusu iliyobaki inategemea wanachonunua kimetengenezwa wapi.

Marekani wanaweza kulipuuza swali hilo kwa muda, kwa sababu sehemu kubwa ya matumizi yao hubaki ndani, na wanaagiza bidhaa kwa sarafu yao wenyewe. Kisiwa kama Morisi hakina anasa hiyo. Kilipata uhuru 1968 kikiishi kwa sukari, huku mchele, unga wa ngano, mafuta na mashine vikitoka nje. Katikati ya miaka ya 1970 bei ya sukari duniani ikapaa. Fedha zikamiminika, mishahara ikapanda, serikali nayo ikafungulia matumizi.

Sasa mfuate karani mmoja wa Port Louis na nyongeza yake. Ananunua mchele dukani: faida ya mwenye duka na ujira wa mchukuzi vinabaki kisiwani, lakini mchele wenyewe umeshuka melini. Ananunua feni, hali ni hiyohiyo, tena mbaya zaidi. Anapanda basi, na dizeli yake imeagizwa kwa dola. Mahitaji yameongezeka kweli, ila waliouza zaidi wengi wako ng'ambo.

Bei ya sukari iliposhuka, matumizi yaligoma kushuka nayo (mshahara ukishapanda, nani atakubali urudi?). Fedha za kigeni zikaadimika. Rupia ikashushwa thamani 1979, ikashushwa tena 1981, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaitwa na masharti yake.

Mwaka huohuo wa 1979 mchumi Mwingereza Anthony Thirlwall alichapisha kanuni ambayo mimi huianzia hesabu zangu. Tuseme mauzo ya nje yanakua kwa asilimia 6 kwa mwaka, na kila kipato cha nchi kikipanda asilimia 1, uagizaji hupanda asilimia 2. Bei zisipobadilika sana, uchumi huo unaweza kukua asilimia 3 bila kuvuruga urari wa malipo, yaani ulinganifu wa fedha zinazoingia kutoka nje na zinazotoka. Ukitaka 5, kuna mtu lazima akukopeshe, na hatakukopesha milele.

Morisi ilijinasua kwa kutafuta mahitaji yanayokuja na fedha zake za kigeni. Sheria ya viwanda vya mauzo nje ilikuwepo tangu 1970, na Mkataba wa Lomé wa 1975, kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, ulifungua soko la Ulaya bila ushuru. Wawekezaji wa Hong Kong wakaja kushona nguo, matajiri wa sukari wa hapohapo wakaingia pia, na katika miaka ya 1980 maelfu ya wanawake wakapata ajira viwandani. Mishahara yao ilipotumika madukani, safari hii dola za kulipia meli zilikuwepo. Si zote, lakini: kitambaa na uzi navyo viliagizwa, kwa hiyo shati lililouzwa Ulaya halikuacha bei yake yote kisiwani. Takwimu za mauzo nje hulificha hilo, na wanasiasa hupenda lifichike.

Januari 2005 mgawo wa kimataifa wa biashara ya nguo, uliowekea nchi kama China kikomo cha nguo za kuuza Ulaya na Marekani, ukafutwa. Viwanda kadhaa vikafungwa. Wazungu hawakuacha kununua mashati, waliyanunua China.