"Pombe haramu yaua": bia yetu magazetini

Watu wakifa baada ya kunywa, magazeti huandika kwamba pombe haramu imeua, na picha inayoandamana na habari ni ya chifu akimwaga mtungi wa busaa. Kwetu Kisumu na hadi Kakamega na Busia, picha hiyo hupotosha kuliko maneno yenyewe.

Busaa ni bia. Unga wa mahindi huvundikwa, hukaangwa kwenye karai, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi (wimbi, si mtama, ingawa waandishi huvichanganya) na kuachwa siku chache kabla ya kuchujwa. Chang'aa ndiyo hupikwa mvuke wake ukakusanywa. Hata hiyo, ikitokana na nafaka au sukari, huwa na methanoli, alkoholi yenye sumu, kidogo mno. Methanoli inayoua umati kwa kawaida hutoka kwenye spiriti ya viwandani, mtu akiitia ili kinywaji kishike haraka. Ulimi hauwezi kuitambua. Mwilini hugeuka asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva za macho, na ndiyo sababu wengine hupona wakiwa vipofu. Mwezi Mei 2014 zaidi ya watu 80 walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa sumu hiyohiyo. Basi habari isiyotaja majibu ya maabara haijasema kilichoua ni nini.

Wengi pia huamini chang'aa ni marufuku moja kwa moja. Sheria ya pombe ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho, mbunge aliyeiwasilisha, ilifuta marufuku hayo. Kinachotakiwa ni leseni na viwango. Keg nayo, yaani bia ya pipa, husukumwa kwenye kapu la pombe za vichochoroni kwa kuwa bei yake ni nafuu. Senator, keg inayojulikana zaidi, ilianza kuuzwa 2004 ili kuwavuta wanywaji waache vinywaji hatari, na kiwanda cha Kisumu kilichofunguliwa upya 2019 huipika kwa mtama wa wakulima.

Halafu kuna vichwa vya habari kama "utafiti wagundua bia ni dawa ya moyo". Nyingi ya tafiti hizo zililinganisha wanywaji na wasiokunywa, ilhali miongoni mwa wasiokunywa wamo walioacha kwa sababu walikuwa wagonjwa tayari. Shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) liliweka pombe kwenye kundi la visababishi vya saratani tangu 1988. Lakini vitisho pia vina hila yake: "hatari yapanda asilimia 20" ni ya nini? Ugonjwa ukiwapata watu 10 kati ya 1,000, sasa ni 12.

Kuhusu imani kwamba stout, ile bia nyeusi, huongeza damu: weusi wake ni wa shayiri iliyokaangwa, madini ya chuma yaliyomo ni haba, na mama mjamzito hapaswi kupewa.